Chanta ya mazoezi, chanta ya umeme au zumari yenyewe: vidole vyako vianzie wapi?

Mtu akishaamua kujifunza bagipaipu, ile zumari ya Uskoti yenye mfuko kwapani na mabomba matatu begani, swali lake la kwanza huwa la ununuzi: ninunue nini cha kuanzia? Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na kila mara jibu langu huanzia kwenye vidole kabla ya kufika dukani. Kifaa kizuri cha kuanzia ni kile kinachokusema unapokosea. Vifaa vyote nitakavyovilinganisha hapa vina matundu yanayofuata mpangilio uleule, na unaweza kupiga wimbo uleule kwenye kila kimoja. Tofauti ni kwamba kila kimoja huficha kosa la aina yake. Ukijua kipi kinaficha nini, kuchagua kunakuwa kwepesi.

Kwa hiyo tuyatazame makosa kwanza.

Vidole vinatakiwa kufanya nini

Chanta ndilo bomba la chini lenye matundu, linalopiga wimbo. Mabomba ya begani hayana kazi ya vidole, yanavuma tu noti moja ya A kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chanta ina matundu manane ya kuchezewa, saba mbele na moja nyuma, na noti tisa basi: G ya chini, A ya chini, B, C, D, E, F, G ya juu na A ya juu. Mkono wa kushoto unakaa juu, gumba likiziba tundu la nyuma, kisha kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole cha mwisho cha kushoto hakina kazi. Mkono wa kulia unakaa chini na kutumia vidole vinne, gumba lake likishikilia tu kwa nyuma.

Vidole vinakaa vimenyooka. Aliyezoea filimbi huja na tabia ya kukunja vidole na kuziba kwa ncha. Hapa mkono wa kulia huziba kwa nyama ya pingili ya kati, na ncha za vidole hupita nje ya chanta zikielea hewani. Siku za mwanzo unahisi kama umekishika vibaya. Hujakishika vibaya, ndivyo inavyotakiwa.

Jambo linaloifanya zumari hii iwe ngumu kwa vidole ni moja: sauti haikatiki. Mfuko ukishajaa na mkono ukiubana, chanta inalia mfululizo. Huwezi kuikata noti kwa ulimi kama mpiga tarumbeta, wala huwezi kuipiga moja kwa nguvu na nyingine kwa upole. Ukitaka kupiga A ya chini mara mbili, masikio yatasikia A moja ndefu, isipokuwa kidole kimoja kiruke na kurudi haraka katikati yake. Mruko huo ndio doido, na madoido ndiyo lugha yote ya zumari hii. Ya kwanza kufundishwa ni matatu. Ukiwa kwenye A ya chini, doido la G ni kuinua kidole cha shahada cha kushoto na kukirudisha. Doido la D ni kidole cha shahada cha kulia. Doido la E ni kidole cha pete cha kushoto. Yakipigwa kwa mpangilio huo, G, D, E, unapata A nne zilizotenganishwa vizuri bila sauti kukatika hata kidogo. Kila doido linapaswa kuwa fupi kiasi kwamba msikilizaji hasemi amesikia noti nyingine. Anasikia mkato tu.

Sasa makosa. La kwanza ni kuvuja: kidole hakijafunika tundu lote, hewa inapenya pembeni, na noti za chini zinakataa kutoka au zinatoka na mluzi.

La pili ndilo ninalolisumbukia kuliko yote, na ninaliita kelele ya kupishana. Chukua mpito wa kutoka D kwenda E. Kwenye D, mkono wa kushoto umeziba kila kitu, na wa kulia umeinua vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, huku cha mwisho kikiwa chini. Kwenye E mambo yanageuka. Vile vitatu vya kulia vinashuka, cha mwisho kinapanda, na huko juu kidole cha pete cha kushoto kinainuka. Vidole vitano vinatembea kwa wakati mmoja, vya mikono miwili, vingine vikipanda na vingine vikishuka. Vile vitatu vya kulia vikitangulia kushuka, hata kwa kufumba na kufumbua, chanta nzima inakuwa imezibwa, na katikati ya D na E inachomoza G ya chini, fupi na nzito, kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Kutoka A ya chini kwenda E hakuna shida hiyo, kwa sababu ni kidole kimoja tu kinachoinuka. Kutoka B ni viwili. Kutoka C ni vinne. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kupiga ngazi yote ya noti tisa vizuri kabisa akipanda taratibu, halafu wimbo wa kwanza ukamshinda: nyimbo hazipandi ngazi, zinaruka.

La tatu ni noti ya uongo. Mfano wake mkuu ni C. C halali inainua kidole cha kati na cha pete cha kulia huku kidole cha mwisho kikishuka kuziba. Wengi wanakiacha cha mwisho hewani kwa sababu tayari kilikuwa hewani kwenye B. Noti inatoka, inafanana na C, lakini imepanda juu ya mahali pake.

La nne ni madoido yasiyolingana, moja nene na jingine jembamba.

Chanta ya mazoezi

Hiki ndicho kifaa cha jadi na ndicho ninachokipendekeza kwa watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu zaidi.

Ni bomba la vipande viwili. Kipande cha juu unakipuliza kwa mdomo, na cha chini kina matundu. Ndani yake kuna ulimi wa plastiki wenye midomo miwili inayotetemeka. Tundu lake la ndani ni la upana mmoja kutoka juu hadi chini, tofauti na chanta ya zumari ambayo hupanuka kuelekea chini, na kwa sababu hiyo sauti yake ni ndogo na iko takriban oktava moja chini. Inasikika kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Unaweza kufanya mazoezi chumbani na aliyelala chumba cha pili asiamke.

Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya zumari kamili, na haitakuwa fedha iliyopotea, kwa maana hakuna hatua utakayofika ukaihitimu. Mabingwa wanaoshindana Glasgow kila Agosti kwenye mashindano ya dunia ya bendi za zumari wanajifunza nyimbo mpya kwenye chanta ya mazoezi kama wewe. Bendi nzima hukaa kuizunguka meza na chanta zao, wakipiga pole pole, vidole vyao vyote vikiruka pamoja.

Dukani utakuta saizi ya kawaida na saizi ndefu. Mtu mzima achukue ndefu. Nafasi kati ya matundu yake zinakaribia zile za chanta ya zumari, kwa hiyo siku ya kuhamia zumari mkono wa kulia hautashtuka. Saizi ya kawaida inawafaa wenye mikono midogo, na watoto wana yao fupi zaidi. Kuhusu plastiki na mpingo (ndiyo, ni mpingo uleule unaoujua, mti ambao zumari nzuri huchongwa), kwa kuanzia nenda na plastiki. Haipasuki kwa unyevu, na vidole havijui tofauti. Kama una nafasi ya kuchagua, tafuta yenye matundu yaliyochongwa kama kisahani kidogo ukingoni, maana kidole kinahisi kimefika.

Inakusema wapi? Kwenye kuvuja, bila huruma. Kuna kipimo nilichofundishwa siku ya kwanza na bado ninakitumia kwa kila mwanafunzi: piga G ya chini, ushikilie kwa muda, kisha geuza mikono utazame vidole. Kwenye nyama ya kila kidole patakuwa na alama ya tundu. Ikiwa ni duara kamili, kidole kilikaa. Ikiwa ni nusu duara, umejua kidole gani na upande gani, na hakuna haja ya kubahatisha. Kidole cha pete cha kulia ndicho huwa na nusu duara mara nyingi. Dawa yake ni kusogeza kiganja chote, maana kidole hicho kikivutwa peke yake kinawaburuta na majirani zake.

Lakini angalia usipate duara kwa kuminya. Ukimaliza mazoezi na duara limechimbika na kubaki dakika tano, umeshika chanta kama mtu anayening'inia kwenye tawi. Vidole vilivyobana haviwezi kuruka, na madoido yatakuwa mazito.

Inaficha wapi? Mahali pawili. C ya uongo karibu haisikiki juu yake, kwa hiyo unaweza kuizoea mwaka mzima na kugundua kwenye zumari kwamba kila C yako imepinda. Hapo macho ndiyo yafanye kazi ya masikio: weka kioo mbele yako. La pili ni pumzi. Chanta ya mazoezi haina mfuko, ukivuta pumzi sauti inakatika. Wengi wanapumua mwisho wa kila sehemu ya wimbo, na bila kujua wanazizoeza akili kwamba hapo pana kituo. Badala yake, pumua popote pumzi inapoishia, acha noti moja au mbili zipotee huku vidole vikiendelea kutembea kimyakimya, kisha ingia tena. Mwanzoni inachosha. Baada ya wiki chache unasahau.

Ukipuliza kwa karibu nusu saa ulimi unaloa na sauti inaanza kukwaruza. Toa kipande cha juu, kung'uta maji, acha kikauke. Vidole navyo vinapenda hiyo mapumziko.

Chanta ya umeme

Hapa hakuna kupuliza wala ulimi. Kwenye nafasi za matundu kuna vibati vidogo vinavyohisi ngozi, na sauti unaisikia kwenye hedifoni, mara nyingi pamoja na mvumo wa mabomba ya begani. Ipo ya kila bei, na nyingi zinagharimu mara kadhaa zaidi ya chanta ya mazoezi ya plastiki.

Ninaiheshimu kwa jambo moja kubwa: kelele za kupishana. Kibati kinahisi kidole papo hapo, hakuna hewa inayochelewa, kwa hiyo ile G ya chini kati ya D na E inatoka wazi kama imepigwa makusudi. Kwenye chanta ya mazoezi kelele hiyo inaweza kumezwa na sauti laini ya ulimi wa plastiki. Kwenye ya umeme haina pa kujificha. Mtu mwenye nyimbo nyingi tayari lakini anayeambiwa na kiongozi wa bendi kwamba vidole vyake ni vichafu, akae nayo mwezi mmoja kwenye mipito ya D na E, C na E, na E na A ya juu, atasikia mwenyewe alichokuwa anaambiwa. Faida nyingine ni kwamba sauti haikatiki kwa pumzi, kwa hiyo wimbo unapigwa mfululizo kama kwenye zumari.

Sasa upande wa pili. Kibati kinatosheka kuguswa. Kidole kikikalia robo tu ya kibati, noti inatoka safi kabisa. Kosa la kuvuja halipo tena. Limefichwa lote, na kidole kinazoea kukaa mahali pasipo pake. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mtu mzima anayeishi kwenye ghorofa zenye kuta nyembamba, ambaye alifanya mazoezi ya umeme peke yake kwa miezi minane kabla hatujakutana. Alikuwa na vidole vyepesi vya kupendeza, madoido yake yalikuwa sawasawa. Nilimpa chanta ya kawaida, na chini ya D hakupata noti hata moja. Mluzi mtupu. Tulitumia majuma sita kurudisha mkono wake wa kulia mahali pake, na mtu huyo alikuwa na bidii kweli. Lingekuwa jambo la siku tatu mwanzoni. Samaki mkunje angali mbichi, na vidole ndivyo vilivyo.

Kwa hiyo, kama chanta ya umeme ndiyo pekee unayoweza kuitumia nyumbani, itumie, ila uwe na chanta ya plastiki pembeni na uanze kila siku kwa dakika kumi juu yake, hata kama ni mchana tu wakati majirani hawapo. Kwa anayeanza kabisa nisingeiweka iwe ya kwanza.

Zumari kamili, na yule bata bukini

Zumari kamili inakusema kwenye kila kitu: kuvuja, kelele, C ya uongo, yote kwa sauti inayopita desibeli 100 karibu na sikio lako (vaa vizibo vya masikio, hili si la hiari). Ungedhani basi ndiyo ya kuanzia. Hapana. Kupuliza, kubana mfuko kwa mkono na kuweka mgandamizo usipande wala kushuka vinachukua akili yako yote, na vidole vinaachwa vijitegemee. Mkono unapobana mfuko, vidole navyo vinabana chanta. Utaratibu wa kawaida kwa walimu ni miezi sita hadi mwaka kwenye chanta ya mazoezi kabla ya kugusa mfuko, na sijaona sababu ya kuubadili. Zumari mpya ya mpingo huanzia karibu pauni 1,000 na kupanda. Fedha hiyo isubiri.

Kati ya chanta na zumari kuna kifaa ambacho wapigaji wamekipa jina la ndege, bata bukini: mfuko, bomba la kupulizia na chanta, bila mabomba ya begani. Unajifunza kubana na kucheza vidole kwa pamoja bila kubeba mzigo wote. Si lazima, lakini aliyekwama kwenye daraja la kuhamia zumari humsaidia sana, hasa mtu ambaye vidole vyake vinaharibika mara tu mkono unapoanza kubana.

Zumari ndogo

Ipo pia zumari ndogo ya Kiskoti, iliyofufuliwa upya kuanzia miaka ya 1980. Sauti yake ni ya chumbani, mara nyingi inajazwa hewa kwa mvukuto unaobanwa na kiwiko, na mpangilio wa vidole ni uleule wa zumari kubwa. Mtu mzima asiyetaka bendi wala gwaride, anayetaka kupiga pamoja na fidla na gitaa, anaweza kutoka kwenye chanta ya mazoezi moja kwa moja hadi hapa na asijute kamwe.

Onyo moja tu kwa anayenunua kwa kuangalia picha. Zumari ndogo ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, inafanana nayo kwa umbo, lakini mwisho wa chanta yake umezibwa. Vidole vyote vikishuka panakuwa kimya, na noti hufunguliwa kwa kuinua kidole kimoja kimoja. Zumari ya Ayalandi nayo ina oktava mbili na chanta inayowekwa gotini kukata sauti. Ni vyombo vizuri sana, ila vidole vya hapa haviendi kule.

Mienendo yenye njia mbili

Ukishamaliza madoido ya kidole kimoja, utafika kwenye mienendo, yaani mafungu ya madoido yanayopigwa kama kitu kimoja. Mwingi wake una njia moja. Mshiko, kwa mfano, ni G ya chini, mruko wa D, G ya chini tena, halafu noti inayofuata. Ukiishia kwenye A ya chini yenye doido la E, unapata ule ambao Wagaeli, wasemaji wa Kigaeli cha Uskoti, huuita taorluath. Hapo hakuna cha kuchagua. Lakini miwili itakuletea maswali.

Wa kwanza ni mrusho wa D. Mwepesi unapita G ya chini, D, C, kisha D yenyewe. Mzito unaongeza G ya chini ya pili katikati: G, D, G, C, D, yaani mshiko mzima umeingizwa ndani yake. Mwepesi ni rahisi kuuweka kwenye mapigo ya haraka. Mzito una mshindo mtamu, na ukiupiga kwa uvivu unageuka tope. Bendi huchagua mmoja kwa wote, kwa sababu wapigaji ishirini wakichanganya, kila D inasikika imechanika. Una bendi unayoilenga? Waulize, fuata wao. Huna? Anza na mwepesi, kisha jifunze mzito mshiko wako ukishakuwa safi, maana mzito bila mshiko safi hauwezekani.

Wa pili ni ule wa kidole cha mwisho cha kulia, ambacho kinapiga tundu lake mara mbili upesi juu ya A ya chini ili kutoa G mbili fupi. Wapo wanaogonga mara mbili, na wapo wanaogonga mara moja kisha kukivuta kidole nyuma kikipita juu ya tundu. Mimi nafundisha kugonga na kuvuta. Kidole cha mwisho ni dhaifu, na pigo la pili likiwa ni mvuto, kinatumia nguvu ya mkono mzima kurudi. Kugonga mara mbili kunawafaa wachache ambao kidole hicho kinatetemeka chenyewe kwa wepesi. Jaribu zote mbili kwa wiki moja moja, rekodi kwa simu, usikilize kwa mwendo wa polepole: chagua ile ambayo G zake mbili zina urefu sawa. Usichague inayoonekana haraka zaidi.

Mwalimu wa ana kwa ana, wa mtandaoni, au video na kitabu

Hapa sina mizani sawa. Mwalimu aliyekaa mbele yako anaona kiganja kimeinama kabla hata hujapuliza, na anaweza kukugusa kidole kukuonyesha. Hakuna kinacholingana na hilo. Huko Nyanda za Juu za Uskoti nyimbo kubwa zilipitishwa kwa kuimbwa, mwalimu akitamka silabi ambazo kila moja ina noti zake na madoido yake, na mwanafunzi akiiga kwa mdomo kwanza, kwa vidole baadaye. Mpaka leo mwalimu mzuri atakuimbia.

Wa mtandaoni anafuatia, na kwa wengi ndiye anayepatikana. Glasgow ndiko kwenye mizizi ya mafunzo ya kisasa: College of Piping ilianzishwa 1944, National Piping Centre ikafunguliwa 1996, na mwaka 2018 zikaungana. Siku hizi walimu wengi wa kiwango hicho wanafundisha kwa video. Mambo mawili ya kiufundi yatakuokoa. Kwanza, programu nyingi za mazungumzo huidhania sauti ya chanta kuwa ni kelele za feni na kuifuta, kwa hiyo zima kipengele cha kupunguza kelele kabla ya somo. Pili, kamera ielekee mikono, kwa pembeni kidogo, ili mwalimu aone vidole vinainuka kiasi gani. Uso wako hauhitajiki. Msipige pamoja, kwa sababu sauti inachelewa; pigeni kwa zamu.

Video zilizorekodiwa na vitabu vinatosha kwa ngazi na madoido matatu ya mwanzo. Kuanzia mshiko na kuendelea, visikilizwe na mtu. Kitabu hakisikii kelele za kupishana, na wewe mwenyewe, kwa miezi ya kwanza, huzisikii pia.

Basi uchukue kipi?

Mtu mzima anayeanza sifuri na anayeweza kutoa sauti ndogo nyumbani: chanta ya mazoezi ndefu ya plastiki, kioo, metronomu (kihesabu mapigo) kwenye simu, na mwalimu hata mara mbili kwa mwezi. Mtoto: fupi inayolingana na mkono wake, na usimnunulie ndefu "atakua nayo", kwa kuwa atakachokua nacho ni tundu linalovuja.

Anayeishi mahali ambapo hata nyuki wa kopo ni tatizo: ya umeme pamoja na ya plastiki, kwa utaratibu wa dakika kumi niliousema. Anayerudi baada ya miaka mingi: umeme kwa mwezi mmoja, ili asikie kilichooza, kisha arudi kwenye chanta. Na aliyerithi zumari ya babu iliyoko kabatini, ambaye ninamwelewa kabisa hamu yake: iache kabatini kwanza. Mifuko na ndimi za zamani zinahitaji fundi kabla ya kupigwa, na fundi anaweza kufanya kazi yake wakati vidole vyako vinafanya yao.

Siku chanta yako itakapofika, usitafute wimbo. Shikilia G ya chini, tazama duara kwenye vidole vinane. Kisha D, E, D, E, polepole kiasi cha kuchosha, simu ikirekodi. Sikiliza rekodi hiyo ukiwa umefumba macho na uhesabu mara ngapi G imechomoza katikati. Andika namba hiyo na tarehe ndani ya kifuniko cha sanduku la chanta, na juma lijalo uhesabu tena.